Una kesi nyuma yako na unataka kuendesha lori huku Kusini? Anza hivi

Naanza na langu ili ujue naongea nikiwa wapi. Nilikuwa utingo kwenye fuso inayobeba ufuta kutoka Nachingwea kuleta Mtwara, usiku mmoja tumeipita Ndanda gunia nne zikashushwa njiani, na aliyefungua turubai ni mimi kwa mikono yangu. Nikala miezi tisa. Nilipotoka nikapoteza mwaka mzima kwa kudanganya, kila yadi niliyoenda nasema nilikuwa Dar kwa mjomba, na kila yadi haziishi wiki mbili mtu anakuja kumnong'oneza tajiri, napewa hela ya siku naambiwa kesho usije. Kusini ni padogo ndugu yangu. Mtu wa Ndanda ana shemeji Mikindani, na huyo shemeji anakunywa chai na dereva wa gari unayoitaka wewe.

Leo nina mwaka wa sita kwenye usukani. Wadogo zangu kadhaa waliotoka gereza la Lilungu wamenifuata wakiniuliza nilipitaje, kila mmoja namrudia yaleyale, kwahiyo nayaweka hapa yote kwa mpangilio nilioupita, na pale nilipokosea nitakuambia usipite.

Hatua ya 1: jua rekodi yako ni ya aina gani

Watu wanasema "nina rekodi" kama vile ni kitu kimoja, kumbe kuna vitu vitatu tofauti na kila kimoja kinatibiwa kivyake.

Kuna hukumu ya mahakama kwa kosa lisilohusu barabara, mfano wizi, bangi, kupigana. Hiyo haikuzuii kupata leseni, inakuzuia kuaminiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nimekutana na vijana wamekaa nyumbani miaka miwili wakiamini TRA hawawezi kuwapa leseni kwasababu walifungwa, hakuna aliyewaambia hivyo, wamejiambia wenyewe.

Ya pili ni kufungiwa leseni. Ukitiwa hatiani kwa makosa ya barabarani, Sheria ya Usalama Barabarani inaipa mahakama nguvu ya kukuzuia kuendesha kwa muda. Huu muda hauna njia ya mkato. Usiende mkoa mwingine kuomba leseni mpya kwa jina la kugeuzageuza maana hilo ni kosa jipya juu ya lile la zamani, na siku hizi kila kitu kimefungwa na namba ya NIDA na alama za vidole. Subiri uishe. Wakati unasubiri unaweza kufanya kazi ya utingo, haihitaji leseni, na nitaielezea mbele kwasababu kwangu ndo mlango wenyewe.

Ya tatu ni madeni ya faini za trafiki. Hii ndogo ila imewaangusha wengi. Ingia tms.tpf.go.tz, mtandao wa polisi wa faini, uangalie kwa namba ya leseni yako, wengine wanakuta faini za elfu thelathini thelathini zimepangana kutoka gari ya tajiri wa zamani na hawakuwahi kujua. Lipa, tunza risiti. Tajiri akikuangalia akakuta unadaiwa anajua huyu faini zake nitazilipa mimi.

Kama hukumu yako hujaielewa, nenda kwa wasaidizi wa kisheria, wapo Mtwara na Lindi na wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watakusomea bure. Mimi niliamini miaka miwili nina kosa la unyang'anyi kumbe karatasi inasema wizi. Ni tofauti kubwa sana mbele ya mtu anayetaka kukukabidhi gari.

Hatua ya 2: kusanya karatasi kabla hujaenda kwa mtu yeyote

Nunua bahasha ya plastiki ile ya kufunga na kitufe. Ndani weka kitambulisho cha NIDA, TIN, nakala ya hukumu (unaomba palepale mahakama iliyokuhukumu), karatasi ya kuachiwa uliyopewa gerezani, na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Barua ya mtendaji usiidharau. Nenda kwanza kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, kaa naye, mwambie ukweli, umwombe akuandikie umekaa mtaani muda gani tangu utoke na hujaleta shida. Mimi mwenyekiti wangu Chikongola aliandika mistari mitatu tu na mhuri, na hiyo mistari mitatu ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Wengine walitoka kwa msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba au 26 Aprili na wanafikiri kesi imefutika. Kupunguziwa kifungo kunakutoa gerezani, hakufuti kuwa ulihukumiwa. Ukiulizwa umewahi kufungwa, jibu ni ndiyo.

Halafu cheti cha tabia njema cha polisi. Unachukuliwa alama za vidole na zinalinganishwa na kumbukumbu zao, kwahiyo kama ulihukumiwa usitegemee ufiche. Makampuni makubwa yanakidai, matajiri wenye gari moja mbili mara nyingi hawakiulizi, wanauliza "wewe mtoto wa nani, nani anakujua". Ushauri wangu: usianzie kwenye makampuni makubwa. Nilipoteza nauli na mwezi mzima kwa kampuni moja, wakaniita kwenye usaili mara mbili, wakanifanyisha jaribio la barabarani nikafaulu, kilipofika cheti nikarudishiwa karatasi zangu mlangoni na mlinzi, hata aliyenihoji hakutoka. Iliniuma sana ile siku. Nenda huko ukiwa na miaka miwili mitatu ya kazi safi nyuma yako, hapo cheti chako kinasomwa pamoja na hiyo miaka.

Hatua ya 3: leseni, na iwe ya kweli

Leseni ya magari madogo ni daraja D. Lori ni daraja E. Mabasi ni familia ya C, hayo waachie wengine kwa sasa. Kama huna kabisa unaanza na leseni ya kujifunzia, unasoma chuo kilichosajiliwa, unapimwa na trafiki, ukifaulu unaenda TRA unalipia na kupigwa picha na vidole. Leseni ni elfu sabini kwa miaka 5.

Kwa magari makubwa tafuta cheti cha kozi yake. VETA ipo Mtwara na ipo Lindi, nenda dirishani uulize kozi ya udereva inayofuata inaanza lini na kama magari makubwa yamo, na kwa anayeweza kusafiri kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo Dar. Najua hela ni ngumu. Ila mtu mwenye rekodi anahitaji hiki cheti mara mbili ya mwingine, kwasababu mwenzako anaweza kusema "nilijifunzia kwa mjomba" akaaminiwa, wewe kila unachosema kinataka karatasi. Pia ulizia LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kuhusu kuthibitishwa kama dereva wa gari la biashara, mtihani wanakufanyisha kwenye kompyuta, soma alama na sheria vizuri kabla hujaenda.

Leseni ya kununua kwa vishoka usiiguse. Ikikaguliwa namba haisomi, na wewe tayari una kesi, hakimu wa pili hatakuangalia kama wa kwanza.

Hatua ya 4: ingia kwa mlango wa utingo

Hapa wengi wanakataa. Mtu ana leseni mkononi anasema siwezi kurudi kufunga turubai. Mimi nakuambia rudi. Tajiri hawezi kukukabidhi gari ya mamilioni na mzigo wa watu siku ya kwanza akiwa anajua ulifungwa, lakini anaweza kukubali ukae kiti cha kushoto na dereva anayemwamini akuangalie. Baada ya miezi michache dereva anaanza kukuachia usukani ndani ya yadi, kurudisha nyuma ghalani, kusogeza foleni ya bandarini. Siku dereva anaumwa malaria ndo siku yako ya deiwaka ya kwanza, yaani kuendesha kwa kulipwa kwa siku.

Wakati mzuri wa kuingia ni msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba magari hayatoshi, fuso zinatoka maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu kuleta maghala makuu, na semi zinashusha bandarini Mtwara. Upande wa Lindi kuna Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ufuta unatangulia katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata. Nje ya msimu kuna saruji ya Msijute na makaa ya mawe yanayotoka Ngaka kule Mbinga kupitia Songea, Tunduru na Masasi mpaka bandarini, hiyo ni zaidi ya kilomita 600 na sio kazi ya mwaka wa kwanza.

Hatua ya 5: sema mwenyewe kabla hawajaambiwa

Hii ndo iliyobadilisha maisha yangu kwahiyo nakaa hapa kidogo.

Unamwambia tajiri siku ya kwanza, mkiwa wawili, kabla hajakuuliza na kabla hujaonyesha leseni. Fupi. Mimi yangu ilikuwa hivi: "Mzee, kabla hujasikia kwa mtu, nilifungwa miezi tisa, niliiba gunia nne za ufuta nikiwa utingo. Kifungo nimemaliza, karatasi hizi hapa. Naomba unijaribu kwa safari za mchana, za hapahapa karibu." Nikanyamaza. Yule mzee aliangalia zile karatasi muda mrefu, akageuza na nyuma, akaniuliza swali moja tu, "gunia ulizipeleka wapi?" Nikamwambia zilipoenda na nililipwa shilingi ngapi. Akasema njoo kesho.

Angalia ambacho sikusema. Sikusema nilisingiziwa. Sikumtaja dereva aliyenituma, japo alinituma kweli. Sikusema shetani alinipitia. Ukianza kuwatupia wenzako tajiri anajiuliza siku mzigo wake ukipungua utamtupia nani. Na maneno yawe yaleyale kwa kila mtu, ukimwambia huyu miezi tisa na yule miezi mitatu watakutana msibani wataulizana.

Kama rekodi yako ni ajali, hasa ajali iliyoua, maneno yanabadilika. Hapo anayekusikiliza haogopi mkono wako, anaogopa kichwa chako. Mwambie kilichotokea na unachofanya tofauti leo, kwa vitendo. Rafiki yangu mmoja alipoteza breki kwenye mteremko akagonga watu, alitumikia adhabu akafungiwa na leseni. Aliporudi, tajiri alimpandisha gari akamwambia nishushe kutoka Newala kuelekea Masasi na mzigo. Nilikuwa nyuma kwenye gari nyingine. Kabla ya mteremko kuanza jamaa akasimama kabisa, akasubiri mita ya upepo wa breki ipande, akaingiza gia ya chini palepale juu wakati gari imetulia, akawasha egzosti breki, akashuka injini inanguruma yeye anagusa breki mguso mfupi na kuachia, anagusa na kuachia. Tulipofika chini tajiri akashuka akaweka kiganja karibu na drum ya breki ya nyuma, akanusa. Hamna harufu. Akapanda gari bila kusema neno na kazi ikawa imepatikana. Siku ya ajali alishuka kwa gia ya juu huku amekanyaga breki muda wote mpaka zikashika moto, siku hii alishuka kwa injini, na tajiri aliona tofauti kwa macho yake.

Hatua ya 6: mdhamini

Utaombwa wadhamini, kawaida wawili. Usilete mtu mwenye cheo asiyekujua. Lete mtu atakayeumia ukiharibu: mjomba mwenye shamba la mikorosho, mama mwenye genge analojulikana, sheikh au padri anayekuona kila wiki. Na mdhamini wako ajue kesi yako yote. Mdhamini aliyefichwa akisikia kwa tajiri anajitoa siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: hesabu kila gunia

Mtu mwenye kesi ya wizi, mzigo ukipungua hata kilo kumi, macho yote yanakugeukia kabla hujafungua mdomo. Jilinde kwa daftari.

Ukiwa ghalani simama kwenye mlango wa bodi, usikae kivulini na wengine. Kila gunia likipanda piga kijiti, vinne wima na cha tano kinalala juu yake. Gunia la korosho kilo 80, fuso ya tani kumi inakula gunia 125, kwahiyo ni mafungu 25 kamili. Ukimaliza msomee mtunza ghala hesabu yako kwa sauti, mkitofautiana mhesabu upya kabla kamba haijafungwa, ikishafungwa imepita. Asaini kwenye daftari lako pia, sio kwenye dilivari (karatasi ya kukabidhi mzigo) peke yake. Halafu piga picha turubai ilivyofungwa, fundo kwa fundo, umtumie tajiri palepale, na ukifika piga tena kabla halijafunguliwa.

Kingine ambacho hawatakuambia ni unyaufu. Korosho ina maji, ikikaa inapungua uzito yenyewe bila mtu kuigusa. Kama mzigo ulipimwa ghalani Jumatatu na ukapimwa tena Mtwara baada ya foleni ya siku nyingi, kilo zitapungua. Chukua karatasi ya kipimo cha mwanzo yenye tarehe na saa, na kila siku ya foleni iandike kwenye daftari. Safari yangu ya nne nilifika pungufu, mtu mmoja pale getini akasema kwa sauti "si mlijua huyu", nikafungua daftari. Siku sita za foleni, picha za turubai, idadi ya gunia imetimia. Tajiri wangu ndo aliyewajibu, mimi sikusema kitu.

Mafuta nayo hivyohivyo. Andika kilomita wakati wa kujaza na risiti ya lita. Usibebe abiria wa njiani, usibebe "kamzigo" ka mtu usiyemjua, hata kama ni mfuko wa mkaa.

Mambo ya kuangalia ukishaanza

Uraka na nipa, pombe za mabibo. Msimu wa korosho ndo msimu wa mabibo, lile tunda la mkorosho, na kila kijiji utakachoshusha gari watakukaribisha. Uraka asubuhi unanywewa kama juisi na mtu anasema hii sio pombe. Ni pombe. Trafiki wana kipima ulevi na mwenye rekodi hapewi nafasi ya kujieleza.

Spidi: gari zaidi ya kilo 3,500 mwisho 80 kwa saa, na kwenye makazi 50. Ukipanda semi, mizani inakubali gari na mzigo mpaka tani 56 kwa zile zenye ekseli kamili, na kila ekseli ina kiwango chake, mzigo ukiegemea nyuma unaweza kupigwa faini hata kama jumla iko sawa. Kagua upakiaji kabla hujatoka.

Mkataba. Hapa nazungumza kwa uchungu. Kuna matajiri wakishajua ulifungwa wanaona wamepata mtu wa bei rahisi. Mimi mmoja alinilipa nusu ya posho ya wenzangu msimu mzima akisema shukuru nimekupokea. Nilishukuru, nikafanya kazi yake, msimu ulipoisha nikaondoka na barua ya utumishi mwema aliyosaini. Ila wewe usikae huko muda mrefu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, haisemi isipokuwa kwa waliofungwa. Madereva wa nchi hii waligoma 2015, mikataba ikiwa moja ya madai yao. Dai karatasi, dai NSSF, na uliza mapema ajali ikitokea nani analipa nini. Kama ni deiwaka, angalau muandikishane siku, njia na hela, hata kwa meseji ya simu, na usiifute.

Na wale wa zamani watakuja. Aliyenituma kufungua turubai alinipigia simu wiki ya tatu niliyoanza kazi, kwa sauti nzuri kabisa, ananipongeza, halafu akauliza mnapita lini Ndanda. Nilimwambia tajiri jioni ileile. Tukabadilisha saa ya safari, na ile namba nikaizuia.

Barabara ya Lindi kwenda Dar ina mambo yake mvua zikichanganya, 2024 kimbunga Hidaya kilikata njia kule Kilwa magari yakalala siku kadhaa. Ukikwama na mzigo, lala ndani ya gari, mpigie tajiri asubuhi na jioni hata kama hamna jipya.

Msimu huu usisubiri Oktoba ndo uanze kutafuta. Nenda yadini Septemba, wakati madereva wanabadilisha tairi na kushona maturubai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, umevaa viatu vya kufunga sio ndala. Omba kushika spana kwanza. Bahasha iwe kwapani, tajiri akifika utaifungua.